Mume Wangu Alikata Makadirio Yangu, Udongo Ukamfukia Ndugu Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na tatu. Naishi Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, pamoja na binti yangu Nadège na watoto wake. Nalima mboga nyuma ya nyumba, nauza kidogo, zinazobaki tunakula. Watu wakiniuliza habari za mume wangu, huwa nawaambia mimi ni mjane... ingawa yeye, kwa ninavyosikia, bado anapumua huko Afrika Kusini.

Nimechoka, ndugu zangu. Jembe halinichoshi hivyo. Kinachonichosha ni jambo hili nililolibeba tangu nikiwa mwanamke kijana, jambo ambalo hata Nadège halijui lote. Leo nalitua hapa mbele yenu.

Kwanza mjue nilikuwa nani.

Sikuanza maisha yangu kwenye bustani ya mboga. Nilikuwa mkadiria gharama. Wengi hawaijui kazi hiyo, acha niieleze. Mtu akitaka kujenga daraja, au kuvuta maji, au kusimika mtambo wa umeme, mhandisi anachora. Mchoro ukiisha, lazima apatikane mtu wa kusema kazi hiyo, kuanzia jembe la kwanza hadi siku ya kukabidhi, itakula kiasi gani. Hesabu hiyo sisi huku tunaiita devi.

Watu hudhani ni kujumlisha tu! Laiti ingekuwa hivyo... Mimi nilifundishwa kwamba huwezi kukadiria mahali ambapo miguu yako haijafika. Nenda uone udongo. Ipite barabara yenyewe. Uliza mvua inaanza lini, daraja linabeba gari gani, saruji itatoka wapi. Na ukishamaliza yote hayo, sema wazi ni yapi usiyoyajua, uyatengee fungu lake, kwa sababu ardhi haijawahi kumwonyesha mtu tumbo lake lote.

Nilijifunza kazi hiyo katika ofisi ya kampuni ya migodi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Hapo ndipo nilipokutana na Donatien. Alikuwa mhandisi kijana, mrefu, mwenye kicheko cha kufungua milango. Na mdomo alikuwa nao! Angeweza kumuuzia mtu maji naye amesimama mtoni. Nilimpenda. Tukaoana, tukampata Nadège.

Halafu nchi ikaanza kuanguka.

Nyinyi mliokuwapo mnakumbuka. Migodi ilibomoka, mishahara ikakatika. Pesa ya nchi ikawa kama majani. Asubuhi unakwenda sokoni na mfuko uliojaa noti, jioni mfuko uleule haununui chumvi. Wanaume waliokuwa wakivaa kofia ngumu za mgodini wakawa wanauza makaa barabarani. Sisi tuliacha kazi kabla kazi haijatuacha, tukafungua ofisi yetu ndogo katika mtaa wa Kamalondo, chumba kimoja na meza mbili. Donatien anachora, mimi nakadiria.

Na Mungu alitusaidia. Jina langu lilitembea mjini. Watu walisema, kama Mama Nadège amekuambia kazi inataka hivi, usibishane naye, ongeza tu mfuko mmoja wa saruji ya bahati mbaya.

Siku moja akaingia Papa Kambale.

Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kanisani, mwenye malori na ghala kubwa. Hakuwa na haraka ya kusema. Aliomba kwanza, akafumbua macho, ndipo akatueleza. Alikuwa akinunua mahindi Lukafu na kuyaleta kusagwa mjini, lakini mafuta ya dizeli yalikuwa yameadimika, na mashine za kusaga zilikuwa zinalala. Alitaka kusimika mtambo wa umeme wa maji palepale Lukafu, kwenye maporomoko. Umeme usage mahindi, na unaobaki uwashe taa katika nyumba ya uzazi ya kijiji. Wanakijiji walikuwa wamekubali kuchangia nguvu zao kwa mshahara mdogo, na magunia ya mahindi.

Akanigeukia mimi. Akasema, "Mama, mimi si mutu wa masomo. Banasema weye haudanganye. Uniambie tu: hii kintu itaniweza ao mi njo nitaiweza?"

Moyo wangu uliruka. Kwa nini usiruke? Lukafu ni kwa wazazi wangu! Mama yangu mzazi alikuwa akiishi huko na mdogo wangu Kunda, aliyekuwa amerudi shambani baada ya mgodi kumwachisha kazi. Akilini nilimwona mama yangu akisaga mahindi bila kutwanga. Niliwaona wanawake wakizaa kwenye mwanga badala ya kibatari.

Nilikwenda Lukafu nikiwa na mimba ya pili, tumbo limeanza kuonekana. Mimi na Kunda tulitembea njia yote ya mfereji wa kupeleka maji kwenye mtambo, tukachimba mashimo ya majaribio. Tuliyoyaona hayakunifurahisha. Juu, udongo mlegevu unaotoa maji. Chini yake, mwamba. Na mahali pamoja, kwenye bega la kilima, mfereji ulilazimika kuzama sana, mtu akisimama ndani hata mkono wake ulionyooshwa juu hauonekani. Pale kuta zisingesimama zenyewe. Zilitaka mbao nene za kuzishikilia, pande zote mbili, muda wote wa kazi.

Tena kulikuwa na daraja njiani ambalo halingeubeba mtambo bila kuimarishwa. Kulikuwa na baruti ya kupasulia mwamba. Na pesa yenyewe ya nchi ilikuwa inakufa mikononi mwetu, kwa hiyo niliweka kila kitu kwa dola, na fungu la akiba juu yake.

Nilipomaliza, hesabu ilikuwa kubwa. Kubwa sana. Lakini ilikuwa ya kweli.

Donatien aliisoma akiwa amesimama. Akaketi.

"Mama Nadège, na hizi dola zote? Papa Kambale atakimbia!"

Nikamwambia, "Akimbie sasa, Papa Nadège. Iko muzuri kuliko akimbie katikati ya kazi."

"Na siye tutakula nini? Bengine batamupa bei ya chini, atabafwata beye."

"Umuache abafwate. Hii mulima hapana kujua bei ya chini."

Alicheka, akanipapasa begani, akasema nina kichwa kigumu kama baba yangu. Nilidhani yameishia hapo...

Haikupita muda mrefu nikaanguka nyumbani. Damu. Wakanikimbiza hospitali. Mtoto wangu alitoka akiwa hajafikisha wakati wake, hakulia. Alikuwa mvulana. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Wanawake waliopitia njia hiyo wananielewa, na wengine Mungu awaepushe.

Nililala hospitalini siku nyingi nikiangalia ukuta. Donatien alikuja kila siku. Alinilisha uji kwa mkono wake. Alilia pamoja nami. Mnaniuliza kama alikuwa akiigiza? Mpaka leo sijui! Nadhani alilia kweli. Na bado, akitoka pale kitandani kwangu, alikwenda kufanya alichokifanya.

Nilikigundua hivi. Nilikuwa nimerudi nyumbani, nimejifunga kikwembe kiunoni, bado sina nguvu. Papa Kambale akaja kunipa pole na matunda kwenye kikapu. Akaomba, akaketi. Kisha akasema ananishukuru kwa hesabu yangu, kwamba hakutegemea kazi kubwa namna ile ingewezekana kwa kiasi kile. Akakitaja kiasi chenyewe.

Nusu! Ndugu zangu, nusu ya nilichokiandika, na kidogo pungufu!

 Nikamuuliza ni nani aliyempa hesabu ile. Akashangaa. "Si weye, Mama? Bwana yako alisema uliimaliza kabla ya kuingia hospitali. Njo maana nilikubali. Kama haikukuwa yako, sikungekubali."

Jioni nilimkabili Donatien. Hakukana. Alikuwa amekata mbao za kuta. Amekata baruti, eti wanakijiji watavunja mwamba kwa nyundo. Amekata daraja. Amekata akiba yote. Kisha akaweka jina langu.

Mnajua alijitetea vipi? Kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Alisema kila mtu anafanya hivyo. Ukimwambia mwenye pesa ukweli wote siku ya kwanza, hakuna kitakachojengwa duniani. Unamwingiza kwanza kwa bei ndogo. Akishachimba, akishanunua mtambo, hawezi kurudi nyuma, basi unaongeza polepole, atalipa tu. "Shimo ikifunguliwa, mwenye shimo anailipa," aliniambia. Na tena, tulikuwa na bili ya hospitali.

Nilimwuliza, "Na bantu benye bataingia mu ile shimo?"

Alichukua kofia yake, akatoka.

Nilivaa, nikaenda kwa Papa Kambale ghalani kwake, nikiwa nashikilia ukuta njiani. Nilimweleza yote, nikamtajia na kiasi changu cha kweli. Mbao, mwamba, daraja, akiba. Nilimwambia asianze. Nililia. Yeye alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza aliniangalia kwa huruma... huruma mbaya, ile tunayowapa wagonjwa.

Donatien alikuwa amefika kabla yangu!

Alikuwa amemwambia kwamba tangu nimpoteze mtoto, kichwa changu hakijatulia. Kwamba naona hatari kila mahali, naamka nikiongea na udongo, namkataza hata Nadège kucheza uani. Kwamba akinisikia nikisema maneno ya ajabu juu ya kazi, asinikasirikie, anihurumie.

"Mama, enda upumuzike," Papa Kambale aliniambia. "Mungu atakupatia mutoto mwengine."

Mtu akikuita mwongo, unaweza kumletea ushahidi. Lakini akishasema una kichwa kibovu, utaleta nini? Ukilia, ndiyo hiyo. Ukinyamaza, ndiyo hiyo. Ukipiga kelele, basi umemaliza kesi! Jumapili kanisani akina mama walinizunguka, wakaniwekea mikono kichwani wakaniombea. Donatien alisimama nyuma yao na kusema amina.

Kazi ikaanza.

Kunda ndiye aliyewekwa kuwasimamia wachimbaji. Alifurahi! Alikuwa na mchumba, alikuwa anatafuta mahari, na shemeji yake Donatien alikuwa amemwahidi mshahara wa kila mwezi. Nilimtumia maneno awe mwangalifu. Alinijibu kupitia dereva kwamba nisihangaike, shemeji amepanga kila kitu.

Hapo ndipo kila nilichokiandika kikaanza kudai nafasi yake. Mtambo ulifika kwenye daraja, ukakwama. Gari lisingethubutu kuvuka. Ulikaa pale chini ya turubai, mvua ya kwanza ikaukuta hapo. Papa Kambale akauza lori moja ili daraja liimarishwe. Mwamba nao ulizitafuna nyundo. Wanaume waliokuwa wameacha mashamba yao walipiga jiwe tangu asubuhi hadi jua linazama, wanapata kifusi cha kujaza karai. Saruji ikapanda bei wakati fundi bado yuko njiani kuifuata. Kila safari Donatien alikuwa akienda kwa Papa Kambale na kurudi na nyongeza, na kila safari alirudi akiwa na uso wa mtu aliyefaulu mtihani.

Nilipanda lori la mahindi, nikaenda kujionea mwenyewe. Walikuwa wamefika kwenye bega la kilima. Kuta zilikuwa zimesimama tupu, zimelowa, zinachuruzika maji. Hakuna ubao hata mmoja! Na Kunda alikuwa chini kabisa na koleo.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akapanda ngazi akicheka, akanikumbatia, matope yote juu ya nguo yangu. "Yaya, dada yangu, usilie. Shemeji anasema mbao ziko mu njia."

Nikamwambia, "Kunda, mbao haziko. Mi njo nakuambia, haziko! Usiingie tena mule mpaka uzione na macho yako."

 Naye alikuwa amesikia habari za kichwa changu... Lakini alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Akaniahidi. Wote wakatoka mle ndani, siku ile mbele yangu wakahamia upande mwingine wa mfereji.

Nilirudi mjini nikauza cherehani yangu na pete yangu ya ndoa. Kwa pesa hiyo nilinunua mbao mimi mwenyewe, nikazipanga uani kwetu. Lori la Papa Kambale lilikuwa liende Lukafu wiki hiyo. Nilikuwa nimeanza hata kulala vizuri.

Halafu askari wakatoka kambini.

Hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu. Walianza na maduka, raia wakafuata nyuma yao. Siku zile sitazisahau. Mtu anabeba mlango wa friji, mwingine anabeba dirisha, mwingine anakimbia na sinki la kunawia kichwani. Ghala la Papa Kambale lilivunjwa mchana kweupe, likabebwa lote hadi mabati ya paa. Malori yake yakachukuliwa. Sisi tulijifungia ndani, nikamlaza Nadège chini ya kitanda. Tulisikia watu wakiingia uani. Walipoondoka, mbao zangu zilikuwa zimekwenda nao. Nadhani walizipikia.

Barabara zilifungwa. Hakuna kwenda, hakuna kutoka. Na mvua ilikuwa inanyesha, mvua nzito isiyonyamaza.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba, kabla ya vurugu, Donatien alikuwa ametuma maneno Lukafu kupitia dereva. Alikuwa akisubiri malipo ya mwisho wa awamu. Aliwaambia kwamba kama sehemu ya kilimani haitakuwa imekwisha Papa Kambale atakapokuja kukagua, hakuna mshahara kwa mtu yeyote. Na kuhusu mbao aliwaambia wasiogope, hesabu ni za dada wa Kunda mwenyewe, na kwenye hesabu hizo mbao hazimo, maana yake hazihitajiki.

Hesabu ni za dada yake...

Kunda alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili wachimbaji walimlalamikia, wana watoto, wanataka mshahara. Siku ya tatu aliingia. Hakumtuma mtu, aliingia yeye mbele. Mwenzake aliyekuwa karibu naye, ambaye alitolewa akiwa amevunjika mguu, ndiye aliyenisimulia. Alisema ukuta haukutoa sauti. Ulilala tu, kama mtu aliyechoka.

Walichimba kwa majembe na kwa mikono. Walipompata, alikuwa ameshafariki.

Habari ilinifikia ikiwa imechelewa, kwa mtu aliyekuja kwa miguu na kwa baiskeli. Nilipofanikiwa kufika Lukafu, kaburi la mdogo wangu lilikuwa limeanza kuota nyasi. Nilikuta kilio kimekwisha, watu wametawanyika. Sikumzika ndugu yangu! Sikuuona hata uso wake!

Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni. Nilijitupa miguuni pake. Hakunigusa. Alisema neno moja tu, taratibu, bila kunitazama.

"Banasema njo weye uliandika kusema mbao hapana."

Nilijaribu kueleza.  Ningeanzia wapi? Kwamba mume wangu, mkwe wake aliyempenda, aliyekuwa akimletea sukari na sabuni kila alipokuja, ndiye... Alinyanyuka akaingia ndani, akafunga mlango. Nililala kwa jirani.

Nikarudi Lubumbashi nikiwa na nia moja. Donatien atakwenda Lukafu, atapiga magoti mbele ya mama yangu, atasema kwa mdomo wake. Nilifungua mlango wa nyumba nikakuta Nadège yuko kwa jirani, na kabati la baba yake liko tupu.

Alikuwa ameonekana Luano, uwanja wa ndege, na sanduku lake na suti yake ya harusi. Pesa za nyongeza za Papa Kambale alikuwa amezipokea kabla ghala halijavunjwa, akazificha, akaondoka nazo. Hakuacha ujumbe. Nadège aliniambia baba amekwenda kununua mkate.

Wasomaji, mmewahi kuchoka mpaka machozi yakakataa? Niliketi sakafuni, sikulia. Nilifikiri tu: sasa Papa Kambale atakuja, ataidai nyumba, ataidai meza, na ana haki.

Alikuja kweli. Alikuja kwa miguu, mtu aliyekuwa na malori. Shati lake lilikuwa limechanika kwenye kola. Aliketi. Safari hii hakuomba kwanza. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Mama," alisema, "ulikuja kuniambia. Ulikuja na ugonjwa yako, ulisimama mbele yangu, uliniambia yote. Na mi nilikuwa na masikio."

Nikamwambia alidanganywa, kama mimi.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Nilikuwa na hesabu mbili. Moja yako, moja yake. Nilichagua ile yenye ilinipendeza. Kama bwana yako angesema weye njo una akili na yeye njo mugonjwa, singemuamini. Nilimuamini kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini."

Mtu wa namna gani anasema hivyo? Amepoteza mali ya maisha yake yote, na hajaja kudai!

Nilimwomba jambo moja tu. Aje Lukafu.

Tulisafiri pamoja juu ya lori la mtu mwingine, tumekalia magunia. Alisimama mbele ya watu wa kijiji na mbele ya mama yangu. Alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba binti wa nyumba hii aliandika mbao, tena nyingi, na akaja kwa machozi kumsihi asianze kazi, na yeye Kambale akamwona mwendawazimu. Alisema kama kijiji kinataka mtu wa kukichukia, mmoja amekimbia, mwingine ndiye huyu hapa. Akapiga magoti.

Hakuna aliyempiga. Wazee walimwinua.

Mama yangu hakusema amenisamehe. Si mwanamke wa maneno mengi. Alikwenda jikoni, akapika bukari, ugali wetu, na mboga ya matembele, akaniletea maji ya kunawa, akaketi karibu nami mpaka nikamaliza kula. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Jina la Kunda hatukulitaja mara nyingi. Tulipolitaja, tulilitaja pamoja.

Papa Kambale alirudi kwao Kivu, akaanza upya kwa kuuza maharage kwa kipimo. Sijui kama alisimama tena. Mtambo ulibaki Lukafu, ukaliwa na kutu, vijana wakang'oa shaba yake kidogo kidogo. Mfereji ulijifukia wenyewe. Nyumba ya uzazi ilibaki na kibatari.

Na Donatien? Alipiga simu mara moja, miaka mingi baadaye, simu za mkononi zilipofika. Nilidhani amepiga kuniomba msamaha. Nilikaa kitako kabisa ili nimsikilize. Aliuliza habari za Nadège, aliuliza kama mvua inanyesha, akasema huko aliko amepata kazi ya kujenga kiwanda kidogo, na mahesabu yanamsumbua. Angenitumia michoro, je, ningeweza kumkadiria gharama?

Habari za Kunda hakuuliza hata kidogo.

Nilikata simu. Sikupiga kelele, sikutukana. Nguvu zenyewe za kutukana ningezitoa wapi?

Ndugu wasomaji, mimi si mtu wa kufundisha watu. Lakini naona siku hizi Lubumbashi yetu inajengwa tena, kila kona watu wanachimba, wanasimika mitambo, wanavuta nyaya. Kanisa linataka kisima, kijiji kinataka daraja, vijana wanataka kiwanda cha kusindika nyanya. Wananifuata mara nyingine. Wanataka jibu palepale, wamesimama na pikipiki inanguruma: "Mama, tupatie tu chiffre, namba moja ya haraka!" Nawaambia sina. Nawaambia tutakwenda kwanza kuona. Wengi hawarudi. Wanakwenda kwa mwingine mwenye jibu la haraka.

Nawasihi nyinyi mnaokadiria, msiandike kinachompendeza mwenye pesa. Andikeni kinachotakiwa na mlima, na yale msiyoyajua myaseme kwamba hamyajui. Msikubali jina lenu likae juu ya hesabu ambayo hamkuimaliza wenyewe, hata anayeomba awe ndiye mnayelala naye kitanda kimoja.

Na nyinyi wenye pesa, wenye kamati, wenye kanisa, mkiletewa hesabu mbili, na moja ni ndogo kwa nusu, nawaomba msishangilie kwanza. Kaeni chini muulize ni nini kimeondolewa. Kisha ulizeni ni mtoto wa nani atakayetumwa kufanya kazi mahali pale kilipoondolewa.

Mkishajua jina lake, ndipo mtie sahihi.